Maddy Alitaka Kurudi Kwao

Akina mama wenzetu, wapo wahusika wa televisheni wanaotokea kwa muda mfupi, wanakufa, na hadithi inaendelea kana kwamba hawakuwapo. Mmoja wao ni Maddy Ferguson wa Twin Peaks, tamthilia ya Kimarekani ya David Lynch na Mark Frost iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1990, ambayo hadi leo ina wapenzi wanaobishana juu yake. Mabishano mengi ni juu ya Laura Palmer, binti wa shule aliyekutwa ameuawa, amefungwa katika nailoni kando ya maji. Sisi tumebaki na Maddy, binamu yake.

Maddy alifika kutoka Missoula, Montana, kwa ajili ya mazishi. Akakaa, maana nyumba ya msiba inahitaji mtu, na Sarah, mama wa marehemu, alikuwa hajiwezi kwa majonzi. Nani kati yetu hajawahi kumtuma binti au mdogo wake kwenye nyumba ya namna hiyo? Alifanana mno na Laura, ila nywele zake zilikuwa nyeusi na alivaa miwani mikubwa. (Mwigizaji ni yule yule, Sheryl Lee, ambaye mwanzoni aliajiriwa kuigiza maiti tu.)

Kufanana huko ndiko kulikomponza. Marafiki wa marehemu walimvika wigi la rangi ya dhahabu ili wamtege daktari mmoja. James, aliyekuwa mpenzi wa Laura, alipomtazama Maddy alimwona Laura. Hata Maddy mwenyewe alikiri kwamba kwa muda alifurahia kuwa mtu mwingine. Siku moja aliona doa likitanda juu ya zulia la sebuleni. Hakuna aliyelifuatilia jambo hilo.

Hatimaye akaamua: kesho narudi nyumbani. Aliwaambia wenye nyumba kwa upole, wameketi sebuleni. Usiku wa sehemu iliyoonyeshwa tarehe 10 Novemba 1990, Leland, baba yake Laura, alimwua humo humo. Sarah alikuwa amezimia sakafuni, baada ya kujikokota kushuka ngazi.

Wapo wanaosema kwamba Leland alikuwa amepagawa na pepo aitwaye BOB, hivyo Maddy aliwekwa tu ili tumwone pepo akifanya kazi. Hatukubaliani nao. Hebu mtazameni tena mtu yule. Kwanza anamkumbatia Maddy na kucheza naye dansi huku akilia na kumwita kwa jina la bintiye. Kisha anampigiza ukutani akilitaja jina la mji anaotaka kurudi. Hasira hiyo ni ya mtu aliyezoea kumiliki, na sasa anaachwa. Filamu ya mwaka 1992 ilionyesha alivyomdhulumu Laura kabla ya kumwua. Pepo awe alikuwapo au hakuwapo, mkono ulikuwa wa baba mwenye nyumba.

Na nani angemshuku? Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe ghafla. Alilia mbele za watu, akaimba, akaanguka juu ya jeneza la binti yake, na mji mzima ukamhurumia. Tunaona hapo ndipo watunzi walipowashika watazamaji wao, kwa kuwa nao pia walikuwa wamemhurumia.

Kesho yake Donna na James walikuja kumuaga Maddy. Leland, mchangamfu, akawaambia wamechelewa kidogo, ameshaondoka. Kumbe maiti ilikuwa ndani ya mfuko wake wa vifaa vya gofu. Vijana wakaamini, wakaenda zao. Wao walikuwa wamempoteza Laura. Maddy alikuwa mgeni tu, na mgeni huondoka.

Baadaye simu ikalia katika nyumba ile. Alikuwa mama yake Maddy, akiuliza mbona mtoto hajafika.