Kindle imepasuka kioo. Sasa?

Pole! Kubadilisha kioo ni ghali, kwa hiyo pengine unatafuta nyingine iliyotumika, Mwanjelwa au Iringa mjini. Taratibu basi, maana hela yenyewe ni ya viazi vya mama.

Iwashwe mbele yako. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa kwanza na muuzaji hawezi kuitoa, iache. Huenda ni ya wizi. Halafu taa: Kindle za kawaida za kabla ya 2019 hazina taa, ila Paperwhite inayo tangu 2012. Bila taa, siku umeme ukikatika utarudi kwenye kibatari, na ule moshi si rafiki wa mapafu.

Jaribio kubwa ni hili. Nenda na PDF ya kitabu chako cha Fizikia, mwombe muuzaji aiingize kwa kompyuta, uifungue palepale. Kioo cha inchi 6 ni kizuri kwa riwaya, lakini ukurasa wa shule wenye michoro hubanwa mpaka herufi zinakuwa kama sisimizi. Utakodoa macho hadi kichwa kianze kugonga! Je, unasoma zaidi hivyo vya shule? Basi tableti ya inchi 10 iliyotumika itakufaa kuliko Kindle, ingawa utaichaji mara kwa mara. Riwaya kaazime maktaba ya mkoa. Mbeya ipo, Iringa ipo.