Kabla ya selfi na mwandishi, mpe kitabu atie sahihi

Kila mtaa una mtu wa kukusanya vitu. Kuna msee wa raba, kuna wa jezi za Gor Mahia tangu enzi za babu, kuna yule wa saa tano mkononi na bado anachelewa. Lakini Nairobi kuna mbogi nyingine isiyopiga kelele: wale wanaokusanya vitabu vilivyotiwa sahihi na waandishi wenyewe.

Hobi hii ni rahisi kwa mfuko kuliko raba. Na ukiniuliza mimi, ina maana kubwa zaidi kwetu, kwa sababu kama sisi hatutazihifadhi hizi sahihi, hakuna mwingine atakayefanya hiyo kazi.

Fikiria hivi. Kitabu kikitoka kiwandani, nakala zote ni pacha. Mwandishi akiandika jina lake ndani ya moja, hiyo haifanani tena na zile zingine. Sasa ina historia. Mtu alikutana na mtu, siku fulani, mahali fulani.

Mcheki Ngũgĩ wa Thiong'o. Weep Not, Child ilipotoka 1964, jina lililokuwa kwenye jalada ni James Ngugi. Baadaye akaliacha hilo la James. Kwa hivyo ukipata nakala kuukuu imesainiwa James Ngugi, hata kama haina tarehe, hiyo sahihi inakudokezea ni ya miaka gani. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 kule Marekani. Sahihi zake zilizoko ndizo hizo, hakuna nyingine inakuja.

Ken Walibora naye tulimpoteza Aprili 2020 hapa Nairobi. Siku Njema ilitoka 1996, na Kidagaa Kimemwozea kikawa kitabu teule cha KCSE. Ni wanafunzi wangapi walishika hicho kitabu? Nakala nyingi zina muhuri wa shule, mistari ya manjano na majibu ya maswali ya dondoo pembeni. Mtihani ukiisha, kitabu kinauzwa ama kinapewa mdogo wako. Nimepekua vitabu vya barabarani kwa miaka, na bado sijakutana na hata kimoja chenye sahihi yake. Tulikuwa na mwandishi mkubwa kati yetu na wengi wetu hatukuwaza kumpa kalamu.

Inama utafute

Wauzaji wa vitabu vya mtumba kando ya barabara pale tao, watu huwaita "inama", kwa sababu vitabu viko chini na lazima uiname kuchagua. Wengi wao wanajua bei ya kila kitu. Wanajua kitabu gani cha shule kinatafutwa Januari na novo gani inatoka haraka. Lakini ukurasa wa kwanza mara nyingi hakuna mwenye muda nao.

Hapo ndipo bahati iko. Mzee akifariki ama familia ikihama, vitabu vyake vinauzwa kwa gunia. Niliwahi kununua diwani moja ya mashairi kwa soo moja tu. Nilipofika kwa keja nikakuta mwandishi aliandika ndani maneno ya kumshukuru mwalimu wake, na tarehe ya 1987. Majina yao nitayabana, huenda familia haijui kitabu kiliondokaje nyumbani. Lakini ona hiyo: shukrani ya mwanafunzi kwa mwalimu, miaka mingi baadaye imelala kwenye lami ikingoja mtu wa soo.

Kwa hivyo ukiinama, usiangalie jalada peke yake. Fungua kurasa mbili tatu za mwanzo. Sahihi huwa kwenye ukurasa wenye jina la kitabu ama ule mtupu ulio kabla yake.

Sahihi ni kama risiti

Sasa tuongee doo. Mwandishi aliyechapishwa na kampuni hulipwa mrabaha, na mara nyingi ni karibu asilimia 10. Kitabu cha thao moja kinampa kama soo. Kikiwa feki, kile cha kudurufiwa vichochoroni, hapati hata ndururu.

Ndiyo maana waandishi wengi vijana wa Kenya siku hizi wanajichapishia na kujiuzia. Unamtumia pesa kwa M-Pesa, anakutumia kitabu kwa matatu ama bodaboda, na ukimwomba anatia sahihi kabla ya kukifunga. Haongezi bei. Ukinunua namna hiyo unajua pesa yako imefika kwa aliyekesha akiandika.

Na tafadhali, usimpelekee mwandishi nakala feki asaini. Ni kama kumwomba mtu akupigie picha na simu uliyomwibia. Dalili ni rahisi kuziona: karatasi nyembamba, maandishi yaliyofifia ama kwenda upande, picha ya jalada yenye ukungu, na kurasa zinazong'oka ukizifungua mara mbili.

Pa kuanzia

Huhitaji kujuana na mtu. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Vitabu Kenya, kwa kawaida huwa Septemba pale Sarit, na waandishi huwa hapo wakiongea na watu. Tamasha la Macondo lilianza 2019 na huleta waandishi kutoka pande nyingi za Afrika. Duka la Nuria katikati ya jiji linajulikana kwa kuuza vitabu vya Wakenya waliojichapishia. Uzinduzi wa vitabu nao hutangazwa mitandaoni kila mara, na mwingi hauna kiingilio.

Ukifika kwa foleni, kuwa tayari. Beba kalamu nzuri ya wino, na uandike jina lako kwa karatasi kama lina herufi za kuchanganya. Mwombe aweke tarehe na mahali. Tiketi ama kijikaratasi cha programu ya siku hiyo kiweke ndani ya kitabu, kwa sababu kesho ndicho kitathibitisha hadithi yako.

Watu huuliza kama ni bora mwandishi aandike "Kwa fulani" ama jina lake tu. Kama unafikiria kuuza, sahihi peke yake hupata mnunuzi kwa urahisi, maana si kila mtu anataka kitabu kilichoandikiwa mtu asiyemjua. Lakini kama ni chako cha kukaa nacho, acha aandike jina lako. Hicho ndicho watoto wako watagombania.

Usichezwe

Ulaghai uko hata kwa wakubwa. Mwaka 2022 kampuni ya Simon & Schuster huko Marekani iliuza nakala 900 za kitabu cha Bob Dylan, kila moja karibu dola 600, zikiwa na barua ya kuhakikisha amezisaini kwa mkono. Wanunuzi wakaweka picha mitandaoni, wakalinganisha, wakagundua ni kazi ya mashine ya kuiga sahihi. Kampuni ikarudisha pesa na Dylan akaomba radhi.

Somo ni kwamba mkono wa binadamu haurudii sahihi kwa usawa kabisa. Ukiona mbili zinalingana hadi kwa nukta, shuku. Pia pitisha kidole na uangalie kwa mwanga: kalamu huacha alama kidogo kwenye karatasi, chapa ya kiwandani haiachi.

Ukishapata chako, kitunze. Kifunike na khaki kama tulivyofunika vya shule, lakini selotepu isiguse kitabu chenyewe, gundi yake huharibu karatasi. Kiweke mbali na jua na unyevu. Wa Mombasa mnajua vile joto la huko hulea ukungu.

Usingoje majina makubwa, pia. Labda kuna msichana wa ploti yenu anayeuza mashairi yake kwa status ya WhatsApp, mia tatu nakala. Nunua moja, na umwambie asisahau tarehe.