Hisa ya Teknolojia Kabla ya Ripoti ya Robo Mwaka

Siku moja kabla ya kampuni kutangaza matokeo, bei ya hisa zake huwa tayari imebeba matumaini ya wanaozinunua. Kwa hiyo mchambuzi hatafuti kujua tu kama biashara inakwenda vizuri. Anatafuta kama inakwenda vizuri kuliko kiasi ambacho soko limekwisha kukilipia.

Nvidia ya Marekani, inayobuni chipu za mifumo ya akili mnemba, ina mifano miwili inayokinzana. Mei 2023 ilitangaza mapato ya robo mwaka yaliyopungua kwa asilimia 13 yakilinganishwa na ya mwaka uliotangulia, na kesho yake hisa zikapanda karibu asilimia 24. Agosti 2024 mapato yalifika dola bilioni 30, ongezeko la asilimia 122, tena juu ya makadirio ya wachambuzi. Kesho yake hisa zikashuka kwa zaidi ya asilimia 6.

Kilicholitikisa soko mara zote mbili ni makadirio ya kampuni yenyewe kuhusu robo inayofuata. Mwaka 2023 Nvidia ilisema inatarajia mapato ya dola bilioni 11, wakati wachambuzi walikuwa wakifikiria kama bilioni 7. Mwaka 2024 ilitaja bilioni 32.5, kiasi kilichozidi wastani wa makadirio lakini hakikuwaridhisha waliotarajia makubwa zaidi, nayo bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu tangu Januari. Faida ghafi nayo ilishuka ndani ya robo moja kutoka asilimia 78.4 ya mapato hadi 75.1. Viwanda vingi vingesherehekea kiwango kama hicho. Kwa hisa ghali namna ile, kilitosha kuzua wasiwasi.

Kila kampuni, hata hivyo, ina takwimu yake moja ambayo soko huikodolea macho kuliko nyingine. Februari 2022 Meta iliripoti mapato yaliyokua kwa asilimia 20. Wawekezaji wakatazama kwingine: watumiaji wa Facebook wa kila siku walikuwa wamepungua kwa mara ya kwanza, kutoka bilioni 1.930 hadi 1.929, na makadirio ya robo iliyofuata yalikuwa hafifu. Hisa zilianguka kwa asilimia 26, na zaidi ya dola bilioni 230 za thamani ya kampuni zikayeyuka kwa siku moja. Miezi miwili baadaye Netflix ilitangaza kupoteza wateja 200,000, hisa zake zikaporomoka kwa asilimia 35.

Dalili nyingi hupatikana mapema katika taarifa za kampuni nyingine. Microsoft, Alphabet, Amazon na Meta ni wanunuzi wakubwa wa chipu za Nvidia, na kwa kawaida hutoa ripoti wiki kadhaa kabla yake, zikieleza zinatumia kiasi gani kujenga vituo vya data. TSMC ya Taiwan, inayozitengeneza chipu hizo, huchapisha mauzo yake kila mwezi. Kusoma nyaraka hizo kunachosha, lakini kuna faida kuliko kufuata uvumi.

Ukubwa wa mtikisiko unaotarajiwa nao unaweza kukadiriwa. Kuna mikataba inayompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa hadi tarehe fulani. Ripoti inapokaribia, mikataba hiyo hupanda bei, na kutokana na bei hiyo hukokotolewa kama soko linangojea mabadiliko ya asilimia 4 au 12. Haioneshi upande ambao hisa zitaelekea. Matokeo yakishatoka, wasiwasi hupungua na bei ya mikataba hushuka ghafla, kiasi kwamba aliyeinunua anaweza kupata hasara hata kama hisa zimeelekea upande alioubashiri, mradi zisogee kidogo kuliko ilivyotarajiwa.