Mwanafunzi mwenye ulemavu anabaguliwa vipi chuoni, na afanye nini?

Mwanafunzi anayetumia kiti mwendo amepangiwa vipindi ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Mwenzake asiyeona anapewa mtihani ulioandikwa kwa maandishi ya kawaida na kuambiwa atafute mwenyewe mtu wa kumsomea. Hakuna aliyewatukana wala kuwafukuza. Je, wamebaguliwa?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Kifungu cha 24 kinavitaja vyuo waziwazi: elimu ya juu na mafunzo ya ufundi lazima yatolewe bila ubaguzi, na marekebisho hayo yawepo.

Marekebisho gani?

Kwa asiyesikia ni mkalimani wa lugha ya alama darasani. Kwa asiyeona ni mtihani wa nukta nundu au kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, huhitaji maandishi makubwa na nafasi ya kukaa mbele.

Mkataba haukilazimishi chuo kubeba mzigo uliopita kiasi. Lakini kuhamishia kipindi chumba cha chini hakugharimu kitu zaidi ya kubadilisha ratiba. Wala si upendeleo: anayeongezewa muda wa mtihani hujibu maswali yale yale na husahihishwa kwa kipimo kile kile.

Sheria za nyumbani

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza ubaguzi, lakini inapoorodhesha misingi yake, kama kabila, dini na jinsia, haitaji ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja katika Ibara ya 27. Kwa Tanzania Bara, pengo hilo linazibwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi na kutambua haki ya elimu.

Ukinyimwa haki yako

Kwanza, omba kwa maandishi, mapema, kabla ratiba ya mitihani haijatoka. Eleza unachohitaji, si ugonjwa wako wote. Barua ipeleke kwa mlezi wa wanafunzi au mkuu wa idara, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ombi la mdomo ni rahisi kukanwa.

Pili, usipojibiwa, panda ngazi hadi uongozi wa juu wa chuo na uishirikishe serikali ya wanafunzi.

Tatu, mlango ukifungwa ndani, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wengi hunyamaza wakihofia kuonekana wasumbufu, au kwamba mhadhiri atawalipizia kwenye alama. Hofu hiyo ina sababu, ndiyo maana barua yenye muhuri ni muhimu. Inaonyesha ulichoomba, siku uliyoomba, na nani aliyepokea.