Mtoto wa mchimbaji pa Kasapa

Wandugu wachimbaji, baba mumoja wa ekipi yetu aliniuliza juzi: "Delege, mtoto amepata Diploma ya Serikali, anataka kuya Politekinike. Nitaweza?" Nilimwambia: umtume, lakini ujue mbele inaomba nini.

Iniversite ya Lubumbashi ilifungua milango mwaka 1956, wakati mji wetu ungali unaitwa Élisabethville. Pale ndipo wanafundisha kutafuta madini, kuyachimba na kuyayeyusha. Yale mawe tunatoa na jasho, wao wanayapima mu laboratware. Kazi ni ileile, iko tu na kalamu.

Lakini minervali haimalizi deni. Kuko transporti, silabusi, mashini ya kuhesabu, chakula. Anayelala kampasi anapika bukari mwenyewe, chumba anagawana na wenzake. Mwaka wa kwanza ndio mgumu: matematike, fizike, kemi, kuchora mapulani. Mtoto akianguka, musimwite mjinga. Mara mingi alikosa silabusi ao alishinda na njaa. Mimi niliishia sekondari juu baba alikaa miezi bila mshahara. Najua namna inauma.

Kisha kuko staji. Hapo ndipo watoto wetu wanafungiwa mlango: mwenye kujuana na wakubwa anaingia, wetu anabaki na barua mkononi. Basi kwenye mapatano ya kazi tunaomba nafasi za staji za watoto wa wafanyakazi ziandikwe kwa hesabu, siyo kwa maneno tu. Bamama, muulize delege wenu kama ameisha kuitia ile kwenye orodha.