Mwalimu wa Watu Wazima Naye Husikilizwa na Nani?

Alikuja kliniki akiwa na bahasha nene ya majibu ya vipimo: picha ya kichwa, vipimo vya damu, kipimo cha kamera tumboni. Vyote vilionyesha kwamba yu salama. Hata hivyo, kwa miezi minane alikuwa akiumwa kichwa kila jioni, akizinduka saa tisa usiku asipate tena usingizi, na alfajiri akisikia kichefuchefu kila alipokumbuka kwamba yampasa kwenda kazini.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimsalimu, kwa kuwa amenizidi umri.

"Marahaba, Daktari," aliitikia, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "ila huo ualimu wenyewe nadhani umenishinda."

Anafundisha watu wazima pamoja na vijana waliokatiza masomo. Nilipomwomba anieleze siku yake ilivyo, hakutaja somo hata moja. Alinisimulia habari za binti aliyefika darasani na mtoto mgongoni na alama za kipigo usoni. Za baba wa makamo aliyelia kwa aibu aliposhindwa kuandika jina lake. Za mwanafunzi aliyeacha kuja bila kuaga, ikaja kusikika baadaye kwamba amefariki. Wote hao walimweleza yeye yaliyowasibu. Nikamwuliza, naye humweleza nani? Aliitazama bahasha yake, asinijibu.

Katika toleo la kumi na moja la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu wa kazi kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Mhusika huishiwa nguvu. Moyo wake hujitenga na kazi au huanza kuibeza. Tena hujiona hana tija. Shirika hilo halikuiita hali hiyo ugonjwa, bali jambo linalohusu kazi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa chanzo kiko kazini, kumwandikia mwalimu dawa ya usingizi na mapumziko ya siku tatu, kisha kumrudisha palepale, ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Hapo sharti mhudumu wa afya awe makini, kwani sonona huweza kujificha nyuma ya uchovu. Mwalimu aliyechoka na kazi aghalabu hupata nafuu akiwa likizo, na bado hufurahia wajukuu wake au kwaya yake. Aliyepatwa na sonona hukosa raha hata huko, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Na yeyote anayesema kwamba heri asingekuwepo duniani asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.

Turejee kwa mwalimu. Nimejiuliza mara nyingi imekuwaje akakosa pa kusemea, ilhali kazi yake imejengwa juu ya watu kuketi pamoja na kuzungumza. Elimu ya watu wazima nchini Tanzania ilikua kwa ushirikiano wa mataifa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kuanzia mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844. Huko Sweden kulikuwa pia na desturi ya vikundi vya kujifunza. Oscar Olsson alianzisha kikundi cha namna hiyo mjini Lund mwaka 1902, miongoni mwa watu wa chama cha kupinga ulevi. Waliketi wakiwa na kitabu na maswali yao, bila mtihani wala aliyejifanya anajua yote.

Sisi wa sekta ya afya tuna deni kwa mbinu kama hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000 na kuwashirikisha watu wapatao milioni 2. Kwa wiki 12 wanavijiji walizunguka redio, wakasikiliza kipindi, mmoja wao akasoma kitabu kwa sauti, wakajadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, kisha wakaamua la kutenda: wapi pachimbwe choo, nani afyeke nyasi. Babu yangu hadi anafariki alikiita choo chake "mtu ni afya", nasi wajukuu tukicheka bila kujua asili yake. Mwaka 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka nchi nyingi walikutana Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akawahutubia.

Nayaheshimu mafanikio hayo. Lakini katika miradi niliyobahatika kuiona kwa karibu, taarifa kwa wafadhili zilikuwa na safu ya wanafunzi walioandikishwa, ya vitabu vilivyogawiwa na ya walimu waliopewa semina. Sikuona safu iliyouliza kama mwalimu huyo bado analala usiku. Upungufu huo umeanza kutambuliwa. Mkutano wa UNESCO wa elimu ya watu wazima uliofanyika Marrakech mwaka 2022 ulizungumzia pia mazingira ya kazi ya waelimishaji, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini, unaotaka kwanza kazi yenyewe irekebishwe na wasimamizi wafunzwe, badala ya kumwachia mfanyakazi peke yake jukumu la kujituliza.

Fedha za wahisani zikichelewa, kikundi cha kujifunza hakihitaji kuzisubiri. Walimu watano au sita wanaweza kukutana mara moja kwa wiki mbili, kwa saa moja, wakakubaliana kutunza siri, kila mmoja akaeleza jambo moja lililomlemea, kisha wakaamua, kama walivyoamua wale wa mwaka 1973, lipi litendwe na nani. Mkuu wa chuo asiketi humo, ila apelekewe maamuzi. Kikundi si tiba ya sonona, na mazungumzo hayapunguzi idadi ya wanafunzi darasani. Yeyote atakayewaahidi walimu kinyume cha hayo anawadanganya.

Safari ya tatu mwalimu wangu hakuja na bahasha. Kichwa bado humwuma, ila sasa ni mara moja au mbili kwa wiki. Yeye na wenzake wanne hukutana Ijumaa baada ya vipindi. Walianza kwa kubandika ukutani namba za simu za ofisa ustawi wa jamii na za dawati la jinsia la polisi, ili binti aliyepigwa asiishie mikononi mwa mwalimu mmoja. Kisha wakaomba vipindi vya jioni vigawanywe upya. Ombi hilo liko mezani kwa mkuu wao tangu mwezi uliopita, na bado hajalijibu.