Leseni Ugenini

Vijana wetu wa Mbinga, Liuli na Mbamba Bay huvuka ziwa kwenda Malawi, au Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, kutafuta kazi. Yafaa wajue mapema habari za leseni.

Nchi hizo mbili pamoja na yetu zimo katika jumuiya ya SADC, nazo katika mapatano ya mwaka 1996 zilikubali kutambuliana leseni. Katika zote tatu magari hupita kushoto. Aendaye Omani ajue kwamba huko hupita kulia. Mazoea ya kwetu yaweza kumwua.

Tena leseni hutaja aina ya chombo: mwenye ya pikipiki asidhani amepewa na lori.

Wako wanaoendesha pikipiki vijijini bila leseni, kwani kila mtu awajua. Lakini ugenini askari hamjui baba yako. Karatasi ndiyo itakayokusemea.

Basi, wazazi na walimu, kabla ya kumpa kijana nauli, mwulizeni: Umejifunza? Umejaribiwa na polisi? Leseni ya kuhonga yaweza kuvuka mpaka, lakini haitashika breki mtoto akikatiza njia.